Mbwa wa baridi kwenye joto la Malindi: dharura za tezi ya thairoidi

Mbwa mwenye afya ana joto la nyuzi 38 hadi 39.2. Malindi, hata Julai kusi ikivuma kwa nguvu, usiku haupoi kiasi cha kumzidi mbwa mwenye manyoya yake. Kwa hiyo mbwa mnene aliyelala barazani Casuarina au Muyeye akipimwa akakutwa na nyuzi 35, na wala hatetemeki, usiusingizie upepo. Joto limekatika kutoka ndani. Yanayoweza kulikata ni mengi, na tezi ya thairoidi si ya kwanza kwa wingi. Ni ya kwanza kwa kusahaulika, na mgonjwa wake ndiye anayeuawa upesi na huruma ya waliomzunguka: blanketi la umeme, chupa za maji moto, sindano ya kumtuliza asihangaike njiani.

Tezi yenyewe ni vipande viwili vidogo vilivyokaa kandokando ya bomba la pumzi, chini kidogo ya zoloto, kile kisanduku cha sauti. Kwa mbwa mzima haishikiki kwa vidole. Ukiipapasa ukaikuta, ujue imevimba. Kazi yake ni kutoa homoni mbili, T4 ambayo ndiyo thairoksini, na T3, zinazopanga kasi ya mwili mzima: moyo upige mara ngapi, chakula kigeuke joto upesi kiasi gani, ngozi iote manyoya au isiote. Ubongo huisimamia kwa homoni nyingine iitwayo TSH. T4 ikishuka, TSH hupanda ili kuihimiza tezi.

Kwa mbwa, kasoro ya kawaida ni upungufu. Kinga ya mwili huigeukia tezi na kuila polepole, au tezi husinyaa yenyewe na nafasi yake kushikwa na mafuta. Hilo halihusiani na rovu la binadamu linaloletwa na ukosefu wa madini ya joto, yaani iodini, kwa hiyo kumwongezea mbwa chumvi kwenye ugali hakumsaidii kitu. Dalili hazijitokezi mpaka takriban robo tatu ya tezi iwe imeharibika, na wengi huugua wakiwa na umri wa miaka 4 hadi 10. Doberman, Boxer, Golden Retriever na Ridgeback wamo kwenye orodha, lakini chotara wa mtaani hana kinga maalumu.

Ugonjwa huingia kwa kunyata. Mbwa ananenepa ingawa chakula ni kile kile. Manyoya yanapukutika ubavuni pande zote mbili bila kuwasha, mkia unabaki kipara, ngozi inakuwa nyeusi na nene, vidonda vya ngozi na maambukizi ya masikio yanajirudia. Uso unavimba ukawa kama wa mtu mwenye majonzi. Mbwa mlinzi aliyekuwa akilikimbilia geti sasa anainua kichwa tu. Wenye nyumba husema amezeeka, na askari husema amekuwa mvivu.

Anapoanguka

Mbwa wa namna hiyo anaweza kuishi miaka bila dharura, kwa sababu mwili umejipanga kuishi kwa kidogo. Hatari huja pale jambo la ziada linapoudai nguvu ambazo haunazo: kichomi, usaha wa kizazi, kidonda kilichooza, ajali, upasuaji, au dawa ya usingizi. Dawa za kutuliza ni hatari hasa, maana ini la mbwa huyu huzisafisha taratibu. Kipimo cha kawaida kinakaa mwilini muda mrefu na kuushusha moyo ambao tayari ulikuwa chini. Kuogeshwa jioni kwa maji ya kisima na kuachwa akaukie kwenye upepo kunatosha kumsukuma aliyekwisha kufika ukingoni.

Madaktari hukiita kilele hicho koma ya miksidema. Wengi wanaofikishwa kliniki bado hawajafika koma: wamezubaa, wanaitwa hawaitiki, wanasimamishwa wanalala tena. Joto liko chini ya 37, mara nyingi chini sana. Hawatetemeki, na hiyo ndiyo alama kubwa, kwa sababu kwa kawaida mbwa mwingine aliyepoa kiasi hicho angekuwa anatetemeka mpaka meno yagongane. Moyo unakwenda taratibu na kwa udhaifu, pumzi ni chache na fupi, uso na mashavu vimevimba lakini ukibonyeza kwa kidole hapabaki shimo.

Kupima hakuhitaji daktari. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinapakwa mafuta, kinaingizwa sentimita 2 au 3 kwenye njia ya haja kubwa, kikielekezwa kwenye ukuta wa utumbo na si katikati ya kinyesi, maana kinyesi husoma chini. Mapigo yanahesabiwa kwa vidole viwili ndani ya paja, pale juu mguu unapokutana na tumbo, kwa sekunde 30, kisha unazidisha kwa mbili. Mbwa mkubwa aliyepumzika yuko kati ya 60 na 120; chini ya 60 kwa mbwa aliyezubaa si mapumziko. Pumzi zinahesabiwa kwa macho tu, kifua kikipanda na kushuka, kati ya 10 na 30 kwa dakika. Askari ambaye hataki kuguswa na mate ya mbwa anaweza kuifanya kazi hiyo akiwa amesimama hatua tatu pembeni, na hesabu yake ikawa nzuri kama ya mtu mwingine yeyote.

Kisha simu, kabla ya gari. Ujumbe unaomsaidia daktari ni wa namna hii: “Shikamoo daktari. Doberman dume, miaka saba, kilo 38. Joto 35.1, moyo 52, pumzi nane kwa dakika, hatetemeki. Juzi alidungwa usingizi akang’olewa jino. Hakuogeshwa dawa ya kupe mwezi huu.” Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana.

Wanaofanana naye

Pwani yetu dawa ya kupe inayotumiwa sana ni amitrazi, ile ya kuogeshea ng’ombe. Sumu yake kwa mbwa inaiga dharura ya thairoidi karibu hatua kwa hatua: mbwa anazubaa, moyo unashuka, joto linashuka, tumbo linasimama. Dawa ya asilimia 12.5 inachanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji. Anayekadiria kwa kifuniko, au anayempaka mbwa dawa bila maji “ili kupe wafe vizuri”, ndiye anayeleta mgonjwa huyu. Kinachowatenganisha ni historia na sukari. Amitrazi hupandisha sukari ya damu na dalili huanza saa chache baada ya kuogeshwa, wakati mgonjwa wa thairoidi sukari yake iko kawaida au chini, na miezi ya kunenepa na kupukutika manyoya imemtangulia. Tofauti hii ina faida, kwa sababu amitrazi ina dawa ya kuizima: atipamezoli, mikrogramu 50 kwa kilo, sindano ya msuli. Baada yake mbwa anaoshwa kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu, anakaushwa. Atropini haitumiki hapo hata kama moyo uko chini.

Magonjwa ya kupe nayo yanamlaza mbwa, ila kwa kawaida huanza na homa. Fizi nyeupe au za manjano na mkojo wa rangi ya kahawa vinaelekeza kwenye babesia. Damu puani inaelekeza kwenye erlikia. Joto la chini huja mwishoni, mwili ukiwa umeshindwa. Mbwa anayeishi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, kwenye mbung’o, akipata ukungu wa ghafla machoni pamoja na homa na kukonda, damu yake itazamwe kama ina tripanosoma, vimelea vinavyoenezwa na mbung’o. Yupo pia mgonjwa wa tezi za juu ya figo: moyo wake uko taratibu kwa sababu potasiamu imepanda, na tiba yake ni nyingine. Ndiyo maana daktari hupima sukari, sodiamu na potasiamu kabla ya kufikiria homoni yoyote.

Njiani na mezani

Hapa ndipo mikono hukosea. Mbwa wa baridi hupashwa joto kwa kufunikwa tu: taulo kavu chini yake, blanketi juu, madirisha ya gari yafungwe na kipoza hewa kizimwe. Asiwekewe chupa za maji moto, asianikwe juani, asipulizwe na kikausha nywele. Mwili wake umebana mishipa ya ngozi ili damu kidogo iliyopo ibaki kwenye moyo na ubongo. Ukiipasha ngozi kwa nguvu, mishipa inafunguka, damu inakimbilia nje, shinikizo linaanguka, na moyo unaokwenda mara 50 kwa dakika hauna namna ya kulifuatilia. Mbwa aliyekuwa anapumua anazimika akiwa na joto zuri.

Asinyweshwe maziwa, uji wala mafuta, maana anayezubaa humeza kwa mapafu. Alazwe kwa kifua au ubavu, shingo imenyooka. Kliniki ya karibu ikikosa kipimo cha sodiamu na oksijeni, daktari huanzisha dripu na kumwandaa kwa safari ya Mombasa, kilomita 120 hivi. Aliye kisiwani Lamu ana boti mpaka Mokowe kabla ya kuiona barabara, kwa hiyo kwake simu ya mapema ina thamani maradufu.

Mezani, kazi inakwenda kwa mpangilio huu. Damu ya vipimo inachukuliwa kwanza, pamoja na ya kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo, kwa sababu dawa zikitangulia majibu yanapotoka. Oksijeni inawekwa; pumzi zikiwa chache mno, mbwa anawekewa bomba na kusaidiwa kupumua. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yanaingia kwa hadhari, si kwa kufurika: mbwa huyu mara nyingi ana sodiamu ya chini, na kuipandisha kwa zaidi ya nusu milimoli kwa lita kila saa kunaweza kuharibu ubongo. Sukari ikiwa chini inaongezwa, dawa ikizimuliwa kwanza. Hidrokotisoni hutolewa pale tezi za figo zinaposhukiwa. Antibayotiki ya kugusa vijidudu vingi inaanza mapema, kwa kuwa maambukizi ndiyo kichochezi cha kawaida, na mbwa aliyepoa hawezi kuonyesha homa itakayomfichua.

Homoni yenyewe ni levothairoksini, yaani T4 ya dawa, ya mshipani, mikrogramu 4 hadi 5 kwa kilo kila baada ya saa 12. Mbwa wa kilo 30 anapata mikrogramu 120 hadi 150. Mwenye ugonjwa wa moyo huanzishwa kwa robo au nusu ya hapo, maana moyo dhaifu ukihimizwa ghafla unaweza kupotea njia. Tatizo ni kuipata: sindano hiyo haikai kwenye rafu za kila kliniki. Pasipo nayo, vidonge husagwa na kupitishwa kwa mpira wa tumboni, daktari akijua kwamba utumbo uliolala hunyonya kidogo na kwa kuchelewa. Ni tiba ya kubahatisha, lakini inashinda kukaa bure. Kinachotarajiwa ni joto, mapigo na ufahamu kuanza kurudi ndani ya siku moja au zaidi kidogo. Joto likirudi na ufahamu usirudi, wanatafuta sababu nyingine.

Upande wa pili: homoni ikizidi

Kwa paka wazee, tezi kutoa homoni kupita kiasi ni jambo la kila siku. Kwa mbwa ni nadra, na ikitokea ina milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni vidonge. Mbwa hunyonya levothairoksini vibaya na kuitoa haraka. Nusu yake hupotea mwilini kwa saa 12 hadi 15 hivi, wakati kwa binadamu huchukua wiki nzima. Kwa sababu hiyo kipimo chake cha kunywa kinashangaza: miligramu 0.02 kwa kilo kila saa 12, isizidi miligramu 0.8 kwa mara moja. Mbwa wa kilo 30 ni mikrogramu 600 asubuhi na 600 jioni, yaani vidonge sita vya binadamu vya mikrogramu 100 kila mara. Mfamasia akiona karatasi hiyo huhisi daktari amekosea sifuri, na ana haki ya kuuliza. Kosa baya zaidi ni la kinyume chake: mtu kuandika miligramu mahali pa mikrogramu, au kuchukua kipimo cha mdomoni akakidunga mshipani.

Sumu huanza kuonekana mbwa akimeza zaidi ya miligramu 0.2 kwa kilo kwa mkupuo. Mbwa wa kilo 10 anaifikia kwa vidonge 20 vya mikrogramu 100. Inaonekana ni vingi mpaka ukumbuke vidonge vya mbwa vyenye ladha ya nyama, vya miligramu 0.8: vitatu tu vinamvusha, na mbwa hali vitatu, anakula kopo. Ndani ya saa moja hadi tisa anahangaika, anahema, moyo unakimbia, anatapika, anaharisha, joto linapanda.

Akiwahiwa ndani ya saa mbili na yuko timamu, daktari humtapisha, kisha humpa mkaa wa dawa gramu 1 hadi 2 kwa kilo, au kolestiramini inayoifunga homoni tumboni. Nyumbani asitapishwe kwa chumvi. Chumvi yenyewe humuua kwa sodiamu. Peroksidi ni ile ya asilimia 3 pekee, tena kwa agizo la daktari kwenye simu. Ya saluni ni kali zaidi na huunguza koo. Mbwa aliyeanza kutetemeka au kuzubaa hatapishwi kabisa. Moyo unaokimbia hutulizwa kwa propranololi huku ukisikilizwa, na hapa sasa kupoza kwa feni na maji ya kawaida ni sawa. Kwa kuwa mbwa huitoa homoni upesi, wengi hutulia ndani ya siku moja au mbili.

Mlango wa pili unapitia buchani, na watu wachache wanaujua. Masalio ya shingo na koromeo ni ya bei nafuu, na mbwa wengi walinzi hula hayo. Tezi ya ng’ombe imeshikana na koromeo hilo hilo. Mchinjaji asipoitoa, mbwa anakula homoni kila siku. Baada ya wiki kadhaa anakonda huku anakula kwa pupa, anakunywa maji mengi, anahema kivulini, anakuwa mkali bila sababu. Kuchemsha hakuokoi. Marekani, mwaka 1984 na 1985, watu wa Minnesota, South Dakota na Iowa waliugua kwa kula nyama ya kusaga iliyochanganywa na vipande vya shingo vyenye tezi, na nyama yao ilikuwa imepikwa. Tiba ni kuacha koromeo. T4 hushuka ndani ya wiki chache. Matumbo, moyo na mapafu havina tatizo hilo, na bucha ukimwambia “niwekee bila koo” haongezi bei.

Mlango wa tatu ni uvimbe wa saratani kwenye tezi. Mwingi hautoi homoni ya ziada. Dharura yake ni kubana pumzi au kuvuja damu. Uvimbe wa shingo wa mbwa mzee usikandwe, usichuliwe, na usitobolewe na mtu asiyejua, kwa sababu umejaa mishipa. Ukiondolewa pande zote mbili, tezi ndogo zinazosimamia kalsiamu zinaweza kuondoka nao: siku ya kwanza hadi ya tano baada ya upasuaji, mbwa akianza kusugua uso, kukakamaa au kutetemeka misuli, anahitaji kalsiamu ya mshipani siku hiyo hiyo, polepole, moyo ukisikilizwa.

Karatasi ya maabara

Baada ya yote hayo, kosa linalofanyika zaidi halifanyiki usiku wa dharura. Mbwa ana erlikia, amekonda, anapimwa T4, inatoka chini, anaandikiwa vidonge vya maisha. Ugonjwa wowote mzito huishusha T4 bila tezi kuwa na kasoro. Prednisoloni, fenobabitali na dawa za salfa huishusha pia. Salfa ikitumiwa wiki kadhaa huweza kuizima tezi kweli mpaka iachwe. T4 ya mbwa kwa kawaida iko kati ya nanomoli 13 na 51 kwa lita, na jibu lililomo humo karibu linamtoa tezi kwenye lawama. Lililo chini halimtii hatiani peke yake: linahitaji TSH iliyopanda, au T4 huru (ile isiyoshikana na protini za damu) iliyo chini, na mbwa anayefanana na ugonjwa. TSH ipimwe kwa kipimo cha mbwa. Mashine ya hospitali ya binadamu itatoa namba, lakini haiijui TSH ya mbwa.

Kwa mbwa aliyelala baridi mezani hakuna anayesubiri majibu hayo yarudi kutoka Nairobi. Anatibiwa kwa dalili, damu ikiwa imehifadhiwa: iachwe igande nusu saa, izungushwe kwa mashine, maji yake yatenganishwe na kukaa kwenye barafu.

Akishaamka anahamia vidonge, akipewa tumbo likiwa tupu au kila siku kwa namna ile ile na chakula. Damu inapimwa tena wiki 4 hadi 8 baadaye, saa 4 hadi 6 baada ya kidonge cha asubuhi. Anayepeleka damu iliyochukuliwa kabla ya kidonge ataonekana hapati dawa ya kutosha na ataongezewa bure. Kabla ya usingizi wowote wa upasuaji, daktari mpya aambiwe habari ya tezi. Kidonge kikisahaulika asubuhi, cha jioni kinatolewa kama kawaida, bila kuunganisha viwili.